Ben Hogan: Mwana wa mhunzi aliyekunja fimbo za gofu zikamtii

KABLA ya fimbo za kwanza zenye jina lake kufika madukani, Ben Hogan alizikagua mwenyewe, akazikataa na kuamuru ziharibiwe. Thamani ya shehena hiyo ilikadiriwa kuwa takriban dola 100,000 za wakati huo, fedha ambazo katika miaka ya hamsini zingeweza kumjengea mtu nyumba kadhaa.

Washirika wake katika biashara walipinga uamuzi huo. Kiwanda kilikuwa kimefunguliwa mjini Fort Worth, Texas, mnamo 1953, mwaka ambao Hogan alikuwa ndiye mwanagofu mashuhuri kuliko wote duniani. Lolote lililobeba jina lake lingenunuliwa. Yeye hakutaka kusikia hoja hiyo. Mshirika mmoja alijitoa kwa hasira, naye Hogan akatafuta fedha kwingine ili kumlipa na kuanza kazi upya.

Huenda wengine wakadhani kwamba huo ulikuwa ukaidi wa mtu aliyelewa sifa. Aliyefuatilia maisha yake tangu utotoni ataona vinginevyo.

William Ben Hogan alizaliwa Agosti 13, 1912, katika mji wa Stephenville, Texas, na kulelewa katika mji jirani wa Dublin. Babake, Chester Hogan, alikuwa mhunzi. Kazi yake ilikuwa kufua vyuma na kuwatengenezea farasi viatu. Huo ulikuwa wakati ambapo magari yalikuwa yakienea kwa kasi, na kila gari jipya lililoingia mjini lilimpunguzia mhunzi wateja.

Familia ilihamia Fort Worth. Chester alizidiwa na huzuni, na mnamo Februari 1922 alijitoa uhai kwa bastola ndani ya nyumba yao. Ben alikuwa na umri wa miaka tisa. Baadhi ya waliosimulia maisha yake hushikilia kwamba mtoto huyo alikuwa chumba kimoja na babake wakati huo. Mwenyewe hakulizungumzia jambo hilo hadharani, na kwa miaka mingi waliomwona kuwa mtu mkavu asiyecheka hawakujua alichokibeba moyoni.

Mama alibaki na watoto watatu. Ben alianza kuuza magazeti katika stesheni ya garimoshi. Akiwa na umri wa miaka 11 alisikia kwamba kuna fedha za kupatikana kwa kuwabebea matajiri mifuko ya fimbo katika klabu ya gofu ya Glen Garden, akaenda huko kwa miguu, mwendo wa maili kadhaa kutoka nyumbani.

Hapa kwetu wachezaji wengi wa gofu ya kulipwa walianza vivyo hivyo, kwa kubeba mifuko ya wenye uwezo na kuiba ujuzi kwa macho. Glen Garden ilitoa makedi wawili waliokuja kuwa magwiji: Hogan na Byron Nelson, ambao walizaliwa mwaka mmoja. Mnamo 1927 walikutana katika mashindano ya Krismasi ya makedi na Nelson akashinda kwa tofauti ndogo sana. Nelson alikuwa mrefu, mcheshi na kipenzi cha wanachama. Hogan alikuwa mfupi, mkimya na mwenye kipaji kisichoonekana upesi.

Hogan alijiunga na gofu ya kulipwa mnamo 1930, akiwa na umri wa miaka 17 pekee. Marekani ilikuwa imetumbukia katika mdororo mkubwa wa uchumi. Mara kadhaa alifilisika, akarudi nyumbani kufanya vibarua, kisha akajaribu tena. Mnamo 1935 alimwoa Valerie Fox, na wawili hao wakawa wakisafiri kutoka mashindano hadi mashindano kwa gari kuukuu, wakihesabu kila senti.

Mnamo 1938, katika mashindano ya Oakland, California, walikuwa wamekaribia kuishiwa kabisa. Asubuhi moja Hogan alitoka hotelini akakuta gari limewekwa juu ya mawe, magurudumu yameibwa. Alicheza siku hiyo akijua kwamba asipopata chochote safari yake imekwisha. Alipata zawadi iliyotosha kuwasukuma mbele.

Kilichokuwa kikimwangusha miaka yote hiyo ni jambo moja. Mpira wake uliondoka vizuri, kisha ukapinda ghafla kuelekea kushoto na kupotelea kwenye nyasi ndefu au miti. Wachezaji wa gofu huliogopa pigo hilo kuliko jingine lolote, kwa sababu mpira wa namna hiyo huviringika mbali ukishaanguka.

Ili kuelewa alivyopambana na tatizo hilo, hatuna budi kuitazama fimbo yenyewe.

Chukua jembe. Mkulima hajali tu ukali wa bamba. Hujali pia jinsi bamba lilivyoungana na mpini. Likiinama mno kuelekea kwake, jembe hukwaruza. Likifunguka mno, halizami. Tena mtu mrefu akitumia jembe lililofungwa kwa ajili ya mtu mfupi, mgongo utamwambia.

Fimbo ya chuma ya gofu ina pembe mbili za aina hiyo. Ya kwanza ni mwinamo wa uso, yaani jinsi uso unaogonga mpira ulivyolala nyuma. Uso uliosimama hurusha mpira chini na mbali. Uso uliolala huuinua juu na kuuangusha karibu. Pembe hii ndiyo inayoitofautisha fimbo nambari 3 na nambari 9.

Ya pili ni mlalo wa mpini, yaani pembe kati ya mpini na ardhi pale wayo wa fimbo unapokaa sawasawa juu ya nyasi. Katika fimbo nyingi za chuma pembe hiyo huwa kati ya digrii 59 na 64. Mpini ukisimama mno, ncha ya fimbo huinuka, kisigino hugusa ardhi kwanza, na kwa anayetumia mkono wa kulia uso huelekea kushoto. Mpini ukilala mno, kisigino huinuka na uso hugeukia kulia. Kosa hilo huwa kubwa zaidi katika fimbo zenye mwinamo mwingi, ndiyo maana mtu anaweza kupiga sawasawa kwa fimbo ndefu na kukosa kwa ile fupi aliyoizoea.

Tofauti ya digrii moja haionekani kwa macho. Hata hivyo, katika mwinamo digrii moja huweza kubadilisha umbali wa pigo kwa yadi mbili au tatu, na wanaocheza kwa ajili ya mkate wao hawawezi kupuuza kiasi hicho.

Fundi hurekebisha pembe hizi kwa kubana kichwa cha fimbo ndani ya jiliwa, kisha kuvuta shingo yake kwa nondo yenye mdomo maalumu, huku akipima baada ya kila mvuto. Chuma laini kilichofuliwa kwa nyundo hukubali kukunjwa digrii mbili au zaidi bila kulalamika. Kile kilichomiminwa katika kalibu, kulingana na aina yake, huwa kigumu na huweza kuvunjika. Isitoshe, anayeusimamisha uso ili apate umbali hushusha makali ya mbele ya wayo kidogo kidogo hadi fimbo ikaanza kuchimba udongo badala ya kuteleza. Hakuna pembe inayobadilishwa bila nyingine kuguswa.

Fimbo za Hogan ziliwashangaza wenzake waliopata nafasi ya kuzishika. Mipini yake ilikuwa imelazwa kupita kawaida na nyuso zilikuwa wazi, kana kwamba mwenyewe anataka mpira uende kulia. Mshikio ulikuwa mnene, wenye mgongo uliowekwa mahali ambapo mikono isingeweza kuufunga uso kwa urahisi. Mtu wa kawaida akizitumia angepeleka kila mpira vichakani upande wa kulia.

Mantiki yake ilikuwa hiyo hasa. Mtu anayeogopa kushoto hupiga kwa woga, na woga huikaza mikono. Hogan alizikunja fimbo zake hadi kushoto kukawa kugumu kufikia, kisha akabadilisha namna ya kuzishika, ndipo akaweza kuzungusha mwili kwa nguvu zake zote pasipo wasiwasi. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo damu ya mhunzi ilipojitokeza. Wengine walijifunza kuifuata fimbo. Yeye aliilazimisha imfuate.

Haya hayakutokea kwa usiku mmoja. Alifanya mazoezi kuliko yeyote wa zama zake, akipiga mipira mamia kwa siku hadi giza lilipoingia, wakati ambapo wachezaji wengi waliona ni jambo la ajabu kufanya mazoezi baada ya mechi. Mnamo Machi 1940 alishinda North and South Open kule Pinehurst, taji lake la kwanza la peke yake, miaka kumi baada ya kuanza gofu ya kulipwa. Mwezi huo huo akanyakua mataji mengine mawili, Greensboro na Asheville.

Vita vya Pili vya Dunia vilimpeleka katika jeshi la anga. Aliporejea, mnamo 1946, alishinda mashindano 13 katika mwaka mmoja, ikiwemo PGA Championship, la kwanza kati ya mashindano makuu tisa aliyotwaa. Mnamo 1948 alishinda PGA na US Open.

Ukungu wa Februari

Asubuhi ya Februari 2, 1949, Hogan na Valerie walikuwa wakirudi Texas kwa gari lao. Ukungu ulikuwa umetanda karibu na mji mdogo wa Van Horn. Juu ya daraja jembamba, basi la Greyhound lililokuwa likilipita lori liliwatokea ana kwa ana.

Hogan alijirusha upande wa kulia kumkinga mkewe. Usukani ulisukumwa hadi ukatoboa kiti alichokuwa amekalia sekunde moja kabla. Valerie aliponea kwa majeraha madogo. Mumewe alivunjika nyonga, mfupa wa bega, kifundo cha mguu wa kushoto na ubavu.

Wiki chache baadaye, katika hospitali ya El Paso, damu ilianza kuganda katika miguu yake na mabonge yakapanda kuelekea mapafuni. Daktari bingwa Alton Ochsner alisafirishwa kwa ndege kutoka New Orleans, akaufunga mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya chini ya mwili. Maisha yake yaliokolewa, lakini tangu siku hiyo miguu yake ilivimba kila alipotembea kwa muda mrefu. Wengi walitilia shaka iwapo angetembea tena vyema, seuze kucheza.

Mnamo Januari 1950 alijitokeza kwenye mashindano ya Los Angeles na kulingana na Sam Snead kileleni, ingawa Snead alimshinda katika mchezo wa marudiano. Mnamo Juni akaenda Merion, Pennsylvania, kwa ajili ya US Open.

Wakati huo siku ya mwisho ya US Open ilikuwa na mashimo 36, yaani kuzunguka uwanja mara mbili. Hogan alikuwa amefungwa bendeji miguuni. Kufikia saa za alasiri alikuwa akiburuta miguu, na uongozi wake ukaanza kuyeyuka. Alipofika shimo la 18 alihitaji mapigo manne pekee ili abaki kileleni pamoja na wenzake wawili. Alichukua chuma nambari moja, fimbo ambayo uso wake umesimama sana kiasi kwamba wachezaji wengi hawathubutu kuibeba, akaupiga mpira hadi kwenye kijani. Mpiga picha Hy Peskin alikuwa nyuma yake, na picha aliyoipiga ya pigo hilo inatambuliwa na wapenzi wa gofu kote duniani.

Siku iliyofuata, katika marudiano ya watu watatu, alipiga 69 dhidi ya 73 za Lloyd Mangrum na 75 za George Fazio. Ilikuwa miezi 16 tangu ajali. Fimbo ile nambari moja haikuwa tena mfukoni mwake, ilikuwa imeibwa.

Mnamo 1951 alishinda Masters na US Open. Kisha ukaja mwaka wa 1953. Alishiriki mashindano sita pekee, kwa kuwa miguu haikuruhusu zaidi, akashinda matano. Masters aliimaliza kwa mapigo 274, rekodi mpya iliyoishinda ile ya awali kwa mapigo matano. US Open kule Oakmont aliichukua kwa tofauti ya mapigo sita.

Akasafiri hadi Carnoustie, Uskoti, kushiriki The Open kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Huko mpira uliotumika ulikuwa mdogo kidogo kuliko wa Marekani, ardhi ilikuwa ngumu na upepo wa baharini ulikuwa mkali. Alifika mapema, akawa anautembea uwanja jioni. Alipiga 73, 71, 70 na 68, kila siku bora kuliko iliyotangulia. Waskoti walimbandika jina la utani lililomlinganisha na kipande cha barafu. New York ilimpokea kwa gwaride la makaratasi yaliyomwagwa kutoka maghorofani.

PGA Championship hakuweza kuishiriki mwaka huo kwani tarehe zake ziligongana na za Uskoti.

Fimbo zilizomgeuka

Ni katika kilele hicho ndipo alipoachana na kampuni ya MacGregor, ambayo alikuwa ametumia vifaa vyake kwa miaka mingi, na kuanzisha kiwanda chake. Baada ya kuiharibu ile shehena ya kwanza, alitoa fimbo alizoridhika nazo. Wachezaji wa kulipwa waliozitumia walikuwa wachache mno mwanzoni.

Mmoja wao alikuwa Jack Fleck, mtu asiyejulikana, aliyesimamia viwanja vya gofu vya umma mjini Davenport, Iowa. Fleck aliiandikia kampuni kuomba seti, akapewa. Fimbo mbili za mwisho za seti hiyo, zile za kupigia karibu na kijani, Hogan alimletea yeye mwenyewe katika klabu ya Olympic, San Francisco, kulikofanyika US Open ya 1955.

Hogan alimaliza mzunguko wa mwisho akiwa anaongoza. Kila mtu alidhani ameshinda taji la tano la US Open, ambalo hakuna aliyewahi kulipata. Televisheni ya taifa ilimtangaza kama mshindi, naye akautoa mpira wake uhifadhiwe katika makavazi. Fleck bado alikuwa uwanjani. Akaokoa pigo moja kwenye shimo la 15, jingine kwenye la 18, wakawa sawa.

Kesho yake walirudiana. Walipofika shimo la mwisho Fleck alikuwa mbele kwa pigo moja. Mguu wa Hogan uliteleza alipokuwa akipiga, na mpira ukapinda kushoto, lile pigo alilokuwa amelikimbia kwa miaka 20, ukazama katika nyasi ndefu. Alihitaji mapigo matatu kuutoa humo. Fleck alimaliza kwa 69, Hogan kwa 72. Mtengenezaji alishindwa na fimbo alizozitengeneza, mikononi mwa mtu aliyemsaidia kuzipata.

Hogan hakushinda tena mashindano makuu. Hata hivyo, mnamo 1957 kitabu chake cha mafunzo matano ya gofu, alichokiandika pamoja na Herbert Warren Wind na kuchorewa na Anthony Ravielli, kilitoka, na hadi leo kingali kinachapishwa. Mnamo 1960 aliiuza kampuni kwa shirika la AMF, lakini alibaki akiiongoza. Kwa miongo kadhaa aliendelea kwenda ofisini asubuhi, kula chakula cha mchana katika klabu ya Shady Oaks, kisha kupiga mipira peke yake. Fimbo za Apex, zilizoanza kuuzwa mnamo 1972, zilikuwa za chuma kilichofuliwa, na wengi wa waliozitumia husifu ulaini wake.

Sijui angesema nini kuhusu mtindo wa sasa wa watengenezaji kuusimamisha uso wa fimbo bila kubadilisha nambari yake. Katika enzi yake fimbo nambari 7 ilikuwa na mwinamo uliozidi digrii 35. Siku hizi nyingi zina 30 au chini ya hapo, na mnunuzi hufurahi kwamba amepata umbali mpya, kumbe amenunua iliyokuwa nambari 5 au 6 ya babu yake. Anayetaka kujua anachokishika amwombe fundi aipime kwanza.

Ben Hogan aliaga dunia mjini Fort Worth mnamo Julai 25, 1997, akiwa na umri wa miaka 84. Valerie alimfuata mnamo 1999. Hawakujaliwa watoto. Uwanja wa Glen Garden, alikobeba mifuko, ulifungwa mnamo 2014 na eneo lake likageuzwa kuwa kiwanda cha pombe kali.

Ile chuma nambari moja ya Merion ilijitokeza mnamo 1983 miongoni mwa fimbo kuukuu zilizonunuliwa na mkusanyaji wa vifaa vya kale. Ilitumwa Fort Worth, na Hogan akaitambua kuwa ni yake. Kilichomshtua aliyeinunua ni alama iliyokuwa usoni pake: doa moja dogo, lisilozidi ukubwa wa sarafu, mahali ambapo chuma kilikuwa kimelika kwa kugongwa na mpira pale pale, mwaka baada ya mwaka. Imehifadhiwa katika makavazi ya Chama cha Gofu cha Marekani huko New Jersey.